Chumba, Shairi na Tuzo: Taarabu ya Mwambao mbele ya Hadhira Ndogo

Taarabu imeandikwa sana kwa kufuata ala zake, mashairi yake na majina ya waimbaji wake, lakini mahali inapopigwa, na idadi ya watu wanaoweza kuketi hapo wakasikilizana, vimeachwa kando kana kwamba ni mambo ya viti na taa tu. Mhadhara huu unashika njia nyingine. Hoja yake ni kwamba udogo wa hadhira katika taarabu ya Zanzibar na ya miji ya mwambao wa Tanzania na Kenya haukuwa upungufu wa ukumbi, bali ni sehemu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa wimbo wa taarabu hutungwa ukiwa umeachiwa nafasi isiyojazwa na mshairi wala na mwimbaji, ila na msikilizaji, na msikilizaji huyo hawezi kuijaza iwapo hasikii kila neno wala haonekani na wenzake anapolipokea. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi mjadala wa kuihifadhi sanaa hii hauwezi kuishia kwenye ala na kanda za sauti, bali hauna budi kufika mpaka kwenye vile vikao vya usiku ambamo sanaa yenyewe ilipata sura yake.

Kwa neno taarabu hapa unakusudiwa ule muziki wa kusikilizwa kwa kukaa, unaounganisha ushairi wa Kiswahili na ala na mitindo iliyotoka Misri, Uarabuni na Bara Hindi, na ambao masimulizi ya Zanzibar yanauhusisha na kasri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inaelezwa kwamba Barghash alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohammed Ibrahim ili akajifunze kupiga kanuni, yaani ala ya mezani yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizofungwa tatu tatu kwa kila sauti, kisha akarudi kufundisha wengine kwa ajili ya burudani ya mfalme na wageni wake. Muziki uliokuwa ukipigwa Kairo wakati huo ulikuwa wa kundi dogo lililoitwa takhti, ambalo kwa kawaida lilikuwa na udi, kanuni, nai (filimbi ya tete), fidla na rika (tari ndogo), mtu mmoja kwa kila ala, nalo lilikusudiwa majumba ya wenye uwezo, ambamo wenyeji na wageni walikaa karibu sana na wapigaji. Kwa hiyo tangu mwanzo kilichosafirishwa kuja Unguja hakikuwa nyimbo na ala peke yake. Kilikuja pia kipimo cha umbali kati ya anayeimba na anayesikiliza.

Kipimo hicho kilitoka kasri na kuingia mjini hasa baada ya 1905, ilipoanzishwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu kongwe kuliko zote za taarabu visiwani, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilijulikana kwa watu wengi kwa jina la mtaa wake wa Malindi. Muundo wa klabu unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake umefichika mpango mzima wa uchumi wa vikao vidogo. Klabu ilikuwa chama cha marafiki waliotoa ada, wakakodi au kupata nyumba, wakaagiza ala na kukutana jioni baada ya kazi zao za mchana, wengine wakiwa wafanyabiashara, wengine makarani au mafundi, na hapakuwa na aliyetegemea kupata ugali wake wa siku kwa kupiga fidla. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa kikao. Jirani aliyependa aliingia akakaa, mwanachama asiyejua ala yoyote alikuwa msikilizaji wa kudumu na mkosoaji, na wimbo mpya ulipitia masikio ya watu hawa usiku baada ya usiku kabla haujapelekwa arusini au kwenye sikukuu. Mtu akiuliza ni nani aliyekuwa mhariri wa nyimbo za taarabu, jibu la haki ni kwamba alikuwa huyo mwanachama wa pembeni mwenye kikombe cha kahawa chungu, aliyesikia mshairi amekosea mizani na hakunyamaza.

Ujenzi wa mwambao nao ulisaidia. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale, dari hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, na kwa kuwa gogo la mkoko lenye nguvu ya kubeba dari halina urefu mkubwa, upana wa chumba haukuweza kuzidi sana mita 3, ingawa urefu wake ulitegemea uwezo wa mwenye nyumba. Chumba cha namna hiyo ni chembamba na kirefu, hivyo watu huketi kufuata kuta mbili wakitazamana, na mwimbaji akiwa upande mmoja huwa hana nyuma ya ukumbi wala safu ya mwisho. Kuta za mawe na chokaa huirudisha sauti, ilhali mazulia, mikeka, mito na miili ya watu huinyonya, kiasi kwamba udi usio na kipaza sauti husikika mpaka mwisho wa chumba bila kuvuma. Ng'ambo, upande wa pili wa kijito cha mji wa Zanzibar, nyumba za miti na udongo hazikuwa na kuta hizo nene, lakini zilikuwa na ukumbi wa katikati, uani nyuma na baraza mbele, na matokeo yake yalifanana: muziki ulichezwa mahali ambapo kila mtu alijulikana ameketi wapi na ameketi na nani.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba jambo hili si la Zanzibar peke yake. Katika Yemen, ambako watu wengi wa mwambao wana nasaba, uimbaji wa Sana'a uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa urithi wa binadamu unafanywa hasa katika vikao viwili: samra, ambayo ni jioni ya arusi, na magyal, ambacho ni kikao cha mchana cha marafiki nyumbani, na mwimbaji huwa mmoja akijipigia kinanda cha nyuzi kiitwacho qanbus, au akiandamana na mtu anayegonga sinia la shaba. Qanbus ni ndugu wa gambusi iliyopigwa Unguja na Komoro na wa kibangala cha Lamu, ala ndogo iliyochongwa kwa mti na kuwambwa ngozi, yenye sauti kavu na fupi isiyofaa kabisa uwanjani. Ala za aina hii zinathibitisha matumizi yake zenyewe, kwa maana hakuna fundi ambaye angechonga kibangala kama angekuwa na hadhira ya watu elfu moja akilini.

Hakuna historia ya taarabu ndogo inayoweza kumpita Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia ya wakulima na wafinyanzi, akahamia mjini, na kufariki 1950 akiwa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa mwambao, hata Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Anakumbukwa zaidi kwa safari ya Bombay ya mwaka 1928, alipokwenda na wenzake kurekodi santuri, na ni haki akumbukwe kwa hilo. Hata hivyo kazi yake ya msingi ilifanyika nyumbani Ng'ambo, ambako yeye, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaabani walikusanyika usiku, na majirani wakaja kusikiliza nyimbo za Kiswahili zilizozungumzia mambo yaliyowagusa wiki ileile. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni na hukumu ya mahakama iliyowaangukia wanawake waliokuwa naye ilhali muuaji ametoroka, na wimbo wa namna hiyo usingeweza kutungwa na mtu anayeimbia wasiojuana. Ulitungwa kwa ajili ya chumba ambamo waliohudhuria walikuwa wameijadili kesi hiyo mchana kutwa kisimani na sokoni, na walihitaji mtu mmoja awatolee kauli. Siti aliwahi pia kuimba kwa matajiri na katika kasri, lakini aliingia huko akiwa na Kiswahili cha Ng'ambo, na hapo ndipo lugha ya Kiswahili ilipoimarisha nafasi yake katika muziki ambao kasrini ulikuwa ukiimbwa Kiarabu.

Hapa inafaa kusimama kwa muda mrefu zaidi kwenye shairi na tuzo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha hoja. Wimbo wa taarabu wa asili mara nyingi huwa na beti za mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanywa nane nane katika ukwapi na utao, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mwimbaji huimba mshororo, waitikiaji huurudia au huimba kiitikio, ala hujaza nafasi iliyobaki, kisha mshororo hurudiwa tena, na kwa mwendo huo ubeti mmoja unaweza kuchukua dakika kadhaa. Asiyeizoea sanaa hii anaweza kuona kwamba marudio hayo ni mengi kupita kiasi. Lakini marudio yana kazi: mara ya kwanza msikilizaji anapokea maneno, mara ya pili anapima maana yake, na mara ya tatu anakata shauri kama maneno hayo ni yake. Kwa kuwa shairi limetungwa kwa mafumbo, likitaja ua, chungwa, chombo cha baharini au ndege ilhali linakusudia mpenzi, mke mwenza au rafiki mnafiki, maana haikamiliki mpaka ajitokeze mtu wa kuimiliki.

Kujitokeza huko ndiko kunakoitwa kutunza, na kinachotolewa huitwa tuzo. Msikilizaji huinuka, huenda mbele kwa mwendo wa mdundo akiwa ameinua noti mkononi, pengine akiwaelekea watu fulani kwanza, kisha humpa mwimbaji au huitia katika chombo kilichowekwa, na kurudi kwake. Mtazamaji wa nje huona malipo au shukrani. Mwenyeji huona neno. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wake hasa Tanga na kuuchapisha mwaka 2002 katika kitabu Performing the Nation, ameonyesha kwa kina jinsi watunzaji wanavyotumia ubeti wa mtu mwingine kusema jambo lao katika ugomvi wao, na jinsi ubeti uleule unavyobadilika maana kutegemea nani ameinuka na amemtazama nani. Mwanamke anayeinuka kwenye ubeti unaohusu mume wa watu amesema jambo zito mbele ya ushahidi wa watu wote, lakini hakutamka hata silabi moja, na kesho yake akiulizwa anaweza kujibu kwa utulivu kwamba ameipenda sauti tu. Kinga hiyo ni ustaarabu mkubwa. Jamii iliyobana sana, ambamo watu wanaoana, wanakopeshana na kuzikana, ilijipatia njia ya kuambiana ukweli bila kuvunja heshima, na njia hiyo ilikuwa muziki.

Sasa na ihamishwe shughuli hiyohiyo kutoka chumba cha watu 60 hadi ukumbi wa watu 1,000. Mtunzaji ataendelea kuinuka, noti itaendelea kupepea, na mwimbaji atafurahi zaidi kwa kuwa watunzaji wameongezeka. Lakini watu walio safu ya ishirini hawamjui aliyeinuka, hawajui ana jambo gani na nani, na hivyo kitendo chake kinabaki na maana mbili tu, yaani kwamba ameburudika na kwamba ana pesa. Neno limekwisha, imebaki noti. Hii ndiyo sababu ya kudai kwamba ukubwa wa hadhira si suala la starehe: kuna kiwango cha watu ambacho, kikipitwa, sehemu ya lugha ya sanaa hii hunyamaza, hata kama hakuna ala iliyoondolewa wala shairi lililobadilishwa.

Sauti yenyewe ina mahitaji yanayofanana na hayo. Taarabu ya Zanzibar imefuata maqamu, ambayo ni mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu kama vile rasti, bayati na hijazi, na baadhi ya maqamu hayo yana sauti zinazoangukia kati ya zile 12 za kinanda cha kawaida. Udi hauna vizuizi shingoni na fidla vilevile, hivyo kidole kinaweza kutua popote. Kanuni ina nyenzo ndogo za kuinua au kushusha sauti ya nyuzi zake. Tofauti hizo za sauti ni ndogo sana, hivyo zinahitaji sikio lililotulia na kuandaliwa. Jioni ya taarabu ya asili hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kinachotokana na mapokeo ya Kituruki na Kimisri, na kazi yake mojawapo ni kuyazoesha masikio ya waliohudhuria sauti za maqamu kabla maneno hayajaanza, jambo linalodai utulivu ambao kipaza sauti chenye kishindo hakiwezi kuuleta.

Teknolojia ya kurekodi imeleta mambo mawili yanayopingana, na tofauti yake haijazingatiwa vya kutosha. Santuri ya enzi ya Siti ilikuwa na nafasi ya takriban dakika 3 kwa kila upande, kwa hiyo wimbo ulioweza kuchukua robo saa nyumbani ulilazimika kukatwa: marudio yakapunguzwa, ala zikanyimwa nafasi, na msikilizaji akatoweka kabisa, kwa kuwa katika chumba cha kurekodia hapakuwa na wa kuinuka. Kaseti zilizoenea mwambao wakati wa miaka ya 1970 na 1980 zilifanya kinyume. Kaseti ya dakika 60 au 90 ilirekodiwa arusini kwenyewe, na katika kaseti nyingi za Mombasa, zikiwemo za mwimbaji Juma Bhalo, aliyepewa mashairi mengi na binamu yake Ahmad Nassir, na za Zein l'Abdin, fundi wa udi mzaliwa wa Lamu, kinachosikika ni kikao kizima: vigelegele, maombi ya kurudia ubeti, vicheko vinavyolipuka mahali ambapo msikilizaji wa leo haoni cha kuchekesha. Kwa kigezo cha usafi wa sauti kaseti hizo ni duni, lakini kwa kigezo cha sanaa ya taarabu ni nyaraka bora kuliko santuri, na inasikitisha kwamba nyingi zimeachwa zioze kwa unyevu wa pwani ilhali santuri zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima.

Klabu za wanawake zinastahili mhadhara wao, na hapa zitaguswa kwa ufupi tu. Vikundi vya Unguja vilivyojiita Nur el-Uyun, Royal Air Force na Royal Navy vilijengwa juu ya michango, sare za sherehe na ushindani wa mashairi, na wanachama wake waliwaagizia washairi nyimbo za kujibu nyimbo za wapinzani, hivyo mjadala mmoja uliweza kuendelea kutoka arusi hadi arusi. Pembeni yake kulikuwa na kidumbaki, muziki wa ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa za vifuu, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku, yaani besi ya uzi mmoja iliyofungwa kwenye kasha la mbao, ambamo mwimbaji kama Makame Faki aliunganisha nyimbo za taarabu moja baada ya nyingine bila kituo ili wanawake wacheze. Wapigaji wa kidumbaki na wa taarabu mara nyingi walikuwa watu walewale; kilichobadilika ni mahali na mwendo. Mombasa nayo ilijitengenezea vikundi vidogo vya tabla, harimoniamu na taishokoto, ala ya Kijapani yenye vibonye ambayo mwimbaji Zuhura Swaleh aliifanya itambulike kama sauti ya mji huo.

Upanuzi ulianza kabla ya vyombo vya umeme. Kuanzia miaka ya 1930 muziki wa Misri wenyewe ulihama kutoka takhti kwenda firka, yaani okestra kubwa yenye safu za fidla na sello, na filamu pamoja na redio ya Kairo, iliyorusha tamasha za Umm Kulthum kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wakati wa msimu wake, zikaifikisha sauti hiyo Unguja. Klabu zikaongeza fidla, akodioni, sello na besi. Culture Musical Club, iliyoanza 1958 ikiwa na uhusiano na vijana wa chama cha Afro-Shirazi, ilipata msaada wa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na ikawa okestra kubwa iliyotembea nchi nyingi. Si haki kuulaumu upanuzi huo. Okestra hizo zimetoa muziki wa hali ya juu, zimewapa maelfu ya watu nafasi ya kusikia kile kilichokuwa cha wachache, na ziliendelea kufanya mazoezi katika nyumba zao za klabu, ambamo mlango ulikuwa wazi na ukaribu wa zamani ukabaki nyuma ya jukwaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Katika miaka ya 1990, kwa vikundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre, taarabu ya kisasa ilishika Dar es Salaam kwa vinanda vya umeme, magitaa na kumbi kubwa, pamoja na mashairi ya mipasho, yaani yanayomsema mtu wazi bila kufunika. Wachambuzi wengi wameeleza mabadiliko hayo kwa maadili, wakisema kwamba watu wamepoteza haya. Maelezo hayo hayatoshi na huwaonea waimbaji wenye vipaji vikubwa kama Khadija Kopa. Fumbo linahitaji kusikilizwa mara tatu katika utulivu. Ukumbi wenye spika kubwa na watu wasiojuana hautoi utulivu huo, na mshairi mwenye akili hutunga kwa ajili ya ukumbi alio nao. Mpasho ni jibu la kiufundi kwa tatizo la ukubwa: mahali ambapo fumbo halifiki, tusi hufika. Anayetamani kurudi kwa mafumbo, kwa hiyo, hana budi kwanza kuuliza yatasikilizwa wapi.

Inaweza kudhaniwa kwamba jibu liko katika hoteli za Mji Mkongwe, ambao ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na ambao nyumba zake nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni. Humo taarabu hupigwa kila wiki kwa vikundi vidogo, bila kishindo, mbele ya watu wachache walioketi kwenye mito. Kwa macho, ni picha ileile ya zamani. Lakini wasikilizaji hao wamefika jana na wataondoka kesho kutwa, hawajui Kiswahili, wala hawana ugomvi wala mapenzi baina yao ambayo ubeti ungeweza kuyagusa, na wapigaji, ambao si wajinga, hulijua hilo na huzidisha bashrafu na vipande vya ala huku beti zikipunguzwa. Kazi hiyo ni halali na inawalisha mafundi ambao wangeacha ala zao. Hata hivyo inaonyesha mpaka wa hoja ya mhadhara huu: udogo wa hadhira ni sharti la lazima lakini halijitoshelezi, kwa sababu kinachofanya chumba kiwe cha taarabu ni watu wanaojuana na watakaoendelea kuishi pamoja baada ya wimbo kwisha.

Kwa upande wa fedha, ukweli haufichiki: chumba cha watu 60 hakiwezi kulipa wapigaji 20. Hakikuwahi kuwalipa. Kikao cha klabu kilibebwa na ada za wanachama na mialiko ya arusi, na kazi za mchana zikawabeba wapigaji wenyewe. Sera ya utamaduni inayomtaka kila msanii ajitegemee kwa tiketi inaukata mnyororo huo bila kujua, kwa kuwa inapima jioni ya klabu kwa mapato ya mlangoni ilhali thamani yake imo katika wimbo utakaokuwa tayari kwa arusi ya mwezi ujao. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mapema katika miaka ya 2000, kimefanya kazi isiyokadirika ya kufundisha vijana, wakiwemo wanawake, kupiga udi, kanuni na fidla, na kikundi cha Tausi kilichoanzishwa na Mariam Hamdani mwaka 2009 kimewathibitishia wenye shaka kwamba mwanamke si lazima awe mwimbaji tu. Kinachokosekana si wapigaji. Ni mwanachama wa pembeni, yule asiyepiga chochote, ambaye hakuna chuo kinachomfundisha na hakuna mfadhili anayemgharimia, ilhali bila yeye kikao kinakuwa zoezi la darasani. Klabu ambayo ingewarudishia watu hao ada ndogo, mkeka na haki ya kukosoa ingefanya kwa gharama nafuu jambo ambalo tamasha kubwa haliwezi kulifanya kwa fedha yoyote.

Kwa upande wa uhifadhi, pendekezo ni mahususi. Fomu zinazojazwa na wahifadhi wa muziki huuliza jina la wimbo, mshairi, mtunzi wa mahadhi, mwimbaji, maqamu na ala. Ziongezwe sehemu inayouliza wimbo uliimbwa katika chumba gani, watu walikaa vipi, ubeti gani uliombwa urudiwe, na watunzaji waliinuka kwenye mshororo upi. Taarifa hizo zinaweza kupatikana hata kwa kaseti za zamani, iwapo wazee waliohudhuria watasikilizishwa wakiwa pamoja, si mmoja mmoja, kwa sababu kumbukumbu ya kikao huamshwa na kikao. Ugumu mmoja utabaki, nao uheshimiwe. Aliyetunza ubeti miaka 40 iliyopita alisema jambo lake kwa njia iliyomhakikishia kwamba anaweza kulikana, na mtafiti anayeandika jina lake na sababu yake katika fomu anaivunja kinga hiyo mbele ya wajukuu wa wahusika. Fomu iandike basi kwamba mtu aliinuka na kwenye mshororo gani, na sehemu ya jina ijazwe tu pale ambapo mwenyewe, akiwa hai na akiwa ameelezwa vyema, amekubali kujazwa.